Tumekuja Kuomba Jiko

Kosa la kwanza halikuwa la umeme, lilikuwa la mdomo. Alhamisi usiku tuko ukweni, Ngamiani, Tanga, tumemaliza kula. Mama mkwe akasema, kama mtu anayejisemea: "Jumamosi wageni wa posa ya mdogo wenu wanafika, na hii feni ya jikoni ndiyo imekufa. Itabidi niite fundi."

Nikasema, "Mama, fundi wa nini na mimi nipo?"

Mke wangu akaacha kutafuna.

Nijitetee kidogo: kazi naijua. Multimita ninayo, taa ya siriasi (balbu inayoungwa mfululizo na kifaa ili kukijaribu) nimeiunga mwenyewe, na mota ndogo za mapanga boi nimefungua zaidi ya ninazoweza kuhesabu. Lakini mota za kwangu nilizifungulia barazani kwangu, hakuna aliyenisimamia. Hii ilikuwa ya ukweni, na mama mkwe alivuta kigoda akakaa.

Feni yenyewe ni ya nchi 12, ya ukutani, fremu ya chuma kizito cha kalibu, mapanga matatu ya alumini. Imeingizwa kwenye tundu la ukuta juu ya jiko, na upande wa nje ina vibati vinavyofunguka kwa upepo inapozunguka na kujifunga inapozimwa. Baada ya kukwangua ukoko kwenye kibandiko nilisoma: volti 230, hezi 50, wati 60, mizunguko 1350 kwa dakika. Hiyo ni mota ya ncha nne za sumaku. Kwa hezi 50 ingezunguka 1500 kama isingekuwa na mzigo wala kuteleza, kwa hiyo 1350 ni mwendo wake wa halali.

Ugonjwa wake ulikuwa hivi: ukiwasha inaguna mmm, kama ng'ombe anayeota, mapanga yametulia. Ukiyasukuma yanaanza kujikokota, baadaye yanashika kasi. Nyumba nzima ilishazoea. Mwiko wa mti ulitundikwa pembeni ya swichi, na utaratibu ulijulikana hata kwa watoto: washa, sukuma, toa mkono.

Mota ya aina hii ina koili mbili ndani ya stata (sehemu isiyozunguka), koili kuu na koili ya kuanzia, na kapasita imekaa kwenye njia ya hiyo ya kuanzia. Kapasita ndiyo inayoutanguliza mkondo wa koili moja usiende sambamba na wa mwenzake, na tofauti hiyo ndiyo inayoiambia rota (sehemu inayozunguka) izunguke upande gani. Kapasita ikichoka, rota inabaki katikati, haijui pa kwenda. Inaguna. Ukiisukuma kulia inakwenda kulia, ukiisukuma kushoto inakwenda kushoto, na itafanya kazi hiyo bila kinyongo. Shikeni hapo, tutaparudia.

Lakini bushi zilizokauka, zile pete ambamo shafti (mhimili wa mota) inazunguka, nazo zinaleta ugonjwa uleule. Njia ya kuwatenganisha ni mkono tu: zima umeme, zungusha panga kwa kidole. Likiserereka mizunguko kadhaa kabla ya kusimama, bushi ni nzima, mlaumu kapasita. La mama mkwe nilipolizungusha lilisimama palepale nilipoliachia, kama limetiwa gundi. Na kwa kweli lilikuwa limetiwa gundi.

"Mama, huwa mnaitia mafuta gani?"

"Haya haya ya alizeti, baba. Kila Ramadhani namwagia kijiko."

Mafuta ya kula yakikaa kwenye joto yanageuka nata, kisha yanakuwa kama vanishi. Kijiko kimoja kila Ramadhani, kwa miaka ambayo sikuthubutu kuuliza idadi yake.

Ijumaa baada ya swala nikaanza kuishusha. Nikazima swichi ya ukutani, na kwa kuwa nina adabu ya umeme, nikaweka testa (bisibisi yenye taa ya kupimia umeme) kwenye konekta ya feni kabla ya kugusa. Ikawaka. Nikazima swichi mara ya pili, kana kwamba ya kwanza haikusikia. Testa ikawaka tena. Nikafungua swichi, nikaona: aliyefunga nyaya alikatisha nyutro badala ya waya wa moto. Feni inasimama, ndiyo, lakini moto umejaa mpaka kwenye mota, unamsubiri wa kumshika. Kwenye nyumba za zamani si ajabu, hasa zile ambazo fundi aliishiwa waya mwekundu akamalizia kwa mweusi kila mahali. Zamani nyekundu ndiyo ya moto na nyeusi nyutro, siku hizi kahawia ni moto na buluu ni nyutro. Hapa zote zilikuwa nyeusi, ukichagua yoyote ni bahati yako.

Nikaenda kuzima meni swichi. Sauti ikatoka jikoni: "Baba, friji ina kilo nane za nyama."

"Dakika kumi, mama."

Zikawa arobaini. Mpira wa nyaya zile ulikuwa umekauka, ukiukunja unamomonyoka kama ganda la karanga na shaba inabaki uchi. Haufungwi tepu mpira wa namna hiyo, unatolewa. Nikavuta kebo mpya ya milimita 1.5 yenye ethi (waya wa ardhini), mita nne, kutoka kwenye swichi hadi kwenye feni, nikahakikisha safari hii swichi inakata waya wa moto. Kutoka kwenye konekta kuingia kwenye mota nikaweka waya laini wa 0.75. Ethi nikaifunga kwenye fremu kwa boliti, baada ya kukwangua rangi hadi chuma king'ae, maana ethi iliyofungwa juu ya rangi ni pambo. Fyuzi ampia 3; mota yenyewe haili hata nusu ampia. Na maungio yote yakaingia kwenye kiboksi chenye konekta za skrubu, si tepu. Gundi ya tepu juu ya jiko inayeyuka, na tepu inaning'inia kama ulimi wa mbwa.

Hiyo sehemu niliifanya vizuri na ningependa ikumbukwe.

Boliti nne za fremu zilitoka kwa mafuta ya taa na subira. Panga likakataa. Nikavuta, nikatikisa, nikasema bismillah, nikampa shemeji yangu mdogo ashike fremu nikachukua nyundo. Nikagonga ncha ya shafti. Kidogo. Kisha si kidogo.

"Shem," akasema yule kijana, miaka kumi na sita, tochi mkononi, "hiki kitundu hapa ni cha nini?"

Kwenye shingo ya panga, chini ya ukoko mnene kama wa sufuria la ubwabwa, kulikuwa na skrubu ndogo isiyo na kichwa. Inafunguliwa kwa ufunguo wa eleni, robo tatu ya mzunguko, panga linateleza lenyewe. Nikaifungua. Likateleza. Ila ncha ya shafti nilikwisha ichapa ikafanya kichwa cha uyoga, na shafti yenye uyoga haipiti kwenye bushi. Ukiilazimisha inakwangua bushi na hapo umeua mota uliyokuja kuiponya. Kwa hiyo nusu saa ya tupa ndogo, kisha msasa laini, huku nimeziba mdomo wa mota kwa kitambaa ili unga wa chuma usiingie kwenye koili.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa anachambua mchele. Alichambua polepole.

Kisha usafi. Mafuta mabichi ya kukaangia yanatoka kwa mafuta ya taa au sabuni ya maji ya moto. Yaliyokwisha kuwa ukoko yanataka kitu kikali, na nyuma ya mlango palikuwa na kopo la kostiki soda, mama mkwe anatengeneza sabuni za mche za kuuza. Nikavaa glavu, nikatia kostiki kwenye maji (maji kwanza, kostiki baadaye, usigeuze), nikazamisha fremu ya chuma kwenye karai. Ukoko ukaanza kuachia vipande vipande, raha tupu. Nikafurahi. Nikazamisha na mapanga.

Alumini na kostiki havipatani. Karai likaanza kuchemka bila moto. Povu, fukuto, harufu ya kukwaruza koo. Kinachotoka pale ni gesi ya haidrojeni, ile inayoshika moto, na mita mbili tu kutoka pale jiko la mkaa lilikuwa limewashwa kwa ajili ya maharage.

"Inachemka yenyewe," mama mkwe akasema. "Ndivyo inavyotakiwa?"

"Ndiyo mama," nikasema, nikakimbia na karai uani.

Mapanga yalitoka ya kijivu cheusi, yana vidonda kama uso wenye tetekuwanga. Nikayasuuza kwa maji mengi, nikayapaka ndimu kuua kostiki iliyobaki, nikasuuza tena. Panga moja lilikuwa limezama zaidi ya wenzake, likaliwa zaidi, na hiyo ndiyo hatari yenyewe: panga lisilo na uzito sawa likifika mizunguko 1350 linatikisa shafti, shafti inatafuna bushi, na ukuta unasikika kama kuna mtu anagonga hodi. Dawa yake ni hii. Unapitisha shingo ya mapanga kwenye rodi iliyonyooka, unailaza juu ya vitabu viwili vya kimo kimoja, unaiachia. Panga zito linashuka chini. Unabandika kitu kwenye panga jepesi mpaka mapanga yabaki yanatulia popote ulipoyaacha. Nilichobandika, kwa gundi ile ya mirija miwili, ni sarafu ya shilingi 50. Washa ya chuma ingefaa zaidi, lakini duka la vyuma lilikwisha fungwa, na sarafu ilikuwa mfukoni. Niliikwaruza kwa msasa pande zote mbili ili gundi ishike, nikaiweka karibu na shingo, si kwenye ncha. Kitu kilichobandikwa kwenye ncha ya panga kikibanduka kinaruka kama jiwe la manati.

Bushi ndizo zilinipa heshima. Ni za shaba ya unga uliobanwa, zina vitundu ambavyo jicho halivioni, na zinabeba oili ndani yake kama sponji. Pembeni yake kuna duara la felti la kuongezea. Nilitoa ule ugoro wa alizeti kwa petroli na pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, mpaka pamba ikatoka nyeupe. Nikaziloweka usiku kucha kwenye oili nyembamba ya mashine, namba 20, iliyopashwa moto kiasi cha kuvumilika kidogo tu kwa kidole. Mapovu madogo yanapanda, ni hewa inatoka na oili inaingia. Mafuta ya cherehani yanafaa ukikwama, ila ni mepesi, juu ya jiko yanakauka mapema. Grisi usitie. Grisi inaziba vitundu na haifiki kwenye shafti.

Jumamosi asubuhi nikaiunga mota. Hapa kuna siri ambayo wengi wanaikosa na kuishia kusema mota imeungua: bushi hizi zimekaa kwenye kikombe, zinaweza kuinama. Ukikaza vifuniko viwili vya mota moja kwa moja, bushi zinabaki zimepinda na shafti inabanwa. Unakaza skrubu nne kwa mshazari, kidogo kidogo, huku unazungusha shafti kwa mkono na kugongagonga mwili wa mota kwa mpini wa bisibisi. Ghafla unaisikia inalegea. Na usichanganye washa nyembamba za fibra zilizokaa kwenye shafti. Zirudi zilikotoka, kwa idadi ileile kila upande. Shafti inatakiwa iende mbele na nyuma kiasi cha unene wa kucha, si zaidi.

Kapasita ya zamani ilikuwa ya kopo la bati, imeandikwa mikrofaradi 2.5. Multimita ikasoma 0.9. Hiyo ni maiti inayopumua. Nikanunua mpya ya plastiki, 2.5 ileile na volti 450. Volti zikizidi si neno, zikipungua inaweza kulipuka. Mikrofaradi usizidishe kwa kudhani feni itapata nguvu, utaipa koili ya kuanzia joto la bure.

Zikabaki nyaya tatu za mota. Kwa desturi ya kazi nilizipiga picha kwa simu kabla ya kuzikata. Picha ilionyesha wazi kabisa nyaya tatu zenye rangi ya mafuta. Haidhuru, kuna kupima. Nyaya tatu, vipimo vitatu: nilipata omu 112, 148 na 260. Kipimo kikubwa kuliko vyote ni cha ncha mbili za mwisho, koili zote mbili zikiwa zimeungana mfululizo, ndiyo maana 112 na 148 zinatoa 260. Waya uliobaki nje ya kipimo hicho ndio wa pamoja. Kutoka kwenye wa pamoja, omu chache kwa kawaida ni koili kuu, omu nyingi ni ya kuanzia. Mota ikiwa imekatika fyuzi ya joto iliyofichwa ndani ya koili, usingepata kitu kutoka kwenye wa pamoja; yangu ilikuwa hai. Mwili wa mota kwenda kwenye nyaya, hakuna mguso. Taa ya siriasi nayo haikung'ara kupita kiasi. Safi.

Sikuwa na karatasi. Nikaandika kwa kalamu kwenye kiganja: wa pamoja upi, mkuu upi, wa kuanzia upi.

"Baba," mama mkwe akaita, "njoo unywe chai, mihogo inapoa."

Wenzangu mnaojua ukwe mtanielewa. Chai ya mama mkwe haiambiwi subiri. Nikaenda. Mlangoni alisimama yule kijana na birika na bakuli, kanawisha mkono. Maji ya uvuguvugu, sabuni ya mche ya kostiki ileile ya nyumbani. Nikanawa vizuri sana.

Niliporudi kiganja kilikuwa cheupe kama cha mtoto.

Kupima tena ni dakika moja. Naandika hivi ili ieleweke kwamba sina kisingizio. Lakini multimita ilikuwa imechukuliwa na shemeji kupimia spika za kukodi, saa zinakwenda, na nikakumbuka kwamba nakumbuka. Wa pamoja nilikuwa na hakika nao, nilikwisha ufunga fundo. Wa 112 na wa 148, nikakumbuka kwa moyo wote. Moyo ulikumbuka kinyume.

Kwenye mota ya namna hii, ukibadilishana hizo mbili, kapasita inaingia kwenye njia ya koili kuu, na rota inapata amri ileile kutoka upande wa pili. Inazunguka kinyume. Haina nguvu kamili na inapata joto kuliko kawaida, lakini inazunguka. Nilipoijaribu juu ya meza, bila mapanga, ilianza yenyewe, bila mwiko, kimya, laini kama paka. Shafti tupu haina kulia wala kushoto. Ni kijiti kinachong'aa. Nikamwita mke wangu aone. Mama mkwe naye akaja, akaangalia, akatikisa kichwa mara moja, polepole, kwa kuridhika. Miaka sita ya ndoa sikuwahi kuipata hiyo.

Nikaipandisha ukutani saa tisa na nusu. Vibati vya nje sikuvirudisha, vilikuwa bado vimeloana kwenye mafuta ya taa vikiachia kutu. Vingekuwepo, upepo wa kurudi ungevivuta vikajifunga, na aibu ingeishia kwenye joto la jikoni peke yake. Nje ya lile tundu, ukutani palepale, shangazi wa mke wangu alikuwa ameinjika masufuria mawili ya pilau juu ya kuni za mkorosho ambazo hazijakauka vizuri.

Baada ya alasiri wageni wakafika. Wazee watano, kanzu nyeupe, kofia za mkono, mshenga mbele na bahasha ya barua. Ukumbi na jiko vinatenganishwa na pazia. Salamu zikapita, shikamoo na marahaba zikaisha, udi ukafukizwa. Mshenga akakohoa kidogo kwa adabu ya kuanzia na kusema maneno ya asili: kwamba wao ni wapita njia, wameona nyumba njema, na kwa heshima na taadhima, "tumekuja kuomba jiko."

Jikoni mama mkwe akatia sambusa kwenye karai la mafuta. Akanyoosha mkono, akawasha feni.

Kwanza nilisikia sauti, ilikuwa nzuri. Halafu nikaona moshi wa sambusa haupandi, unashuka. Halafu ukaingia wa kuni. Uliingia kwa duara, nchi 12 kamili, kama umepigwa na bomba, ukachukua na masizi ya tundu la ukuta ambalo mimi, katika usafi wangu wote, sikulikwangua kwa ndani. Karai la sambusa likapata pilipili manga ambayo hakuna aliyeinunua. Pazia likajaa upepo kama tanga la jahazi, likainuka, na moshi ukaenda ukumbini kusalimia wageni.

Mshenga alikuwa amefika kwenye "jiko lenye adabu na..." akakohoa. Hicho hakikuwa kikohozi cha adabu. Mzee wa pili akafuata. Wa tatu akatoa leso. Kofia moja nyeupe ikapokea kipande cha sizi katikati kabisa, kikatua kwa utulivu kama njiwa.

"Jiko tumeliomba," mshenga akasema machozi yakimtoka, "naona moshi mmetutangulizia."

Nikaruka, nikazima swichi. Nikaweka testa kwenye konekta. Haikuwaka. Angalau hapo kazi yangu ilinitetea. Nikasubiri mapanga yasimame, nikagusisha miguu ya kapasita kwa bisibisi ili umeme uliobaki ndani utoke, nikabadilisha nyaya mbili kwenye konekta. Kazi nzima haikumaliza dakika mbili. Nilipokuwa nakaza skrubu ya mwisho, kwenye pete ya fremu mbele ya pua yangu, pale kostiki ilipokula ukoko wote, nikauona mshale. Umesubuliwa na kiwanda, mrefu kama kidole, unaonyesha upande wa kuzunguka.

Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu, na dera lake jipya lilikuwa na madoadoa. Akanong'ona, maana wageni wako nyuma ya pazia: "Mimi na mwiko wangu miaka yote ile, sikuwahi kukosea upande."

Nikawasha. Feni ikashika, moshi ukageuka mgongo, ukatoka wote nje kwa nguvu ya mota iliyopata kapasita mpya na bushi safi, pamoja na masizi yaliyosalia. Kutoka nje ikasikika sauti ya shangazi, ambaye ndipo alipokuwa amefunua sufuria la pili la pilau. Alichosema sitakiandika.

Njia pekee ya kwenda kumwomba radhi ilipita ukumbini. Nikatokeza kwenye pazia, fulana nyeusi, uso mweusi, bisibisi mkononi, nikainama: "Shikamooni wazee."

"Marahaba," wakajibu, wakinikagua. Mzee mwenye sizi kofiani akamgeukia mama mkwe aliyekuwa anaingia na sinia la sambusa za akiba, akauliza kwa upole, "Na huyu kijana ni nani kwenye familia?"

Mama mkwe hakusita hata nukta moja. "Huyo? Huyo fundi tu, baba. Tumemwita."

Nyuma ya pazia mke wangu akapata kikohozi ambacho hakikutokana na moshi. Mama mkwe akafungua pindo la mtandio, akatoa noti ya elfu tano, akanipa mbele ya watu. Nikaipokea kwa mikono miwili. "Ahsante mama."

Nilikuwa nimefika mlangoni mzee akaniita. "Fundi, hebu. Nyumbani kwetu tuna feni kama hiyo ya jikoni. Ukiwasha inaguna tu, haizunguki. Tatizo nini?"

"Bushi au kapasita, mzee. Kwa kujua ni ipi, izimeni kwanza, mzungushe panga kwa mkono muone kama linaserereka. Likiserereka vizuri na bado haianzi, ni kapasita. Wengine huisukuma kwa mwiko ianze."

"Isukumwe upande gani?"

Nikamwangalia mama mkwe.